Horihaundi, Ricola, Fisherman's Friend au koltisfuti: pipi ipi ya majani inalifaa koo lako?

Akija mgeni kutoka Marekani au Uingereza, pipi hazikosi kwenye begi. Nyingi huishia kwa watoto siku ileile. Ila kuna pakiti moja ambayo shangazi huitoa mwishoni, akampa babu au mama pembeni: "Hizi si za kuchezea, ni za kifua." Pakiti inakaa juu ya kabati, kila mtu anaonja moja. Mmoja anatema, mwingine anaomba aachiwe zote.

Anayeishi huko ng'ambo naye ana shida yake. Baridi imeingia, koo linakwaruza, amesimama mbele ya rafu ya duka la dawa akitafuta kitu kinachokaribia pipi kifua aliyoizoea Dar, na kila pakiti imechorwa jani. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya hawa wawili: anayenunua na anayeletewa.

Nimechagua nne. Ya kwanza ni horihaundi (pakiti huandika "horehound"), pipi ngumu ya Marekani ya zamani. Ya pili ni Ricola ya Uswisi. Ya tatu ni Fisherman's Friend ya Uingereza, na ya nne ni vijiti vya koltisfuti ("coltsfoot"), vya Uingereza pia, ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvisikia. Zote zinauzwa kwa hoja moja, kwamba ndani yake kuna mmea wenye dawa. Lakini zinapishana sana, na jambo linalowachanganya wanunuzi kuliko yote ni kutojua ipi inategemea jani na ipi inategemea mentholi, kile kinacholeta ubaridi mdomoni.

Tunalinganisha nini

Kwanza, kilichomo ndani. Pili, ladha, kwa sababu pipi usiyoweza kuikalia mdomoni dakika tano haikusaidii hata ingekuwa na majani mia. Tatu, inafanya nini hasa kooni. Nne, nani ajihadhari nayo. Tano, sukari. Sita, inapatikana wapi na inakaaje kwenye joto letu. Bei nimeiacha: inabadilika kutoka duka hadi duka, na hakuna kati ya hizi iliyo ya anasa.

Zimetoka wapi

Horihaundi ni jani la ukoo mmoja na mnanaa na mrehani. Jina lake la kitaalamu ni Marrubium vulgare. Asili yake ni Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia ya magharibi, na walowezi ndio waliolivusha bahari hadi Amerika, ambako sasa linajiotea lenyewe kando ya barabara. Kulichanganya na sukari ni jambo la kale: mwaka 1597 Mwingereza John Gerard, mtaalamu wa mimea, alikuwa tayari anaisifia shira ya majani yake mabichi kwa wenye kikohozi. Marekani ndiko shira hiyo ilikopata umaarufu ikiwa pipi ngumu ya kahawia, iliyopakwa sukari, iliyokuwa ikiuzwa kwenye mitungi ya kioo ya maduka ya vijijini. Chapa inayoonekana zaidi leo ni Claeys ya mji wa South Bend, Indiana, kampuni iliyoanza mwaka 1919.

Ricola inatoka Laufen, mji mdogo karibu na Basel. Emil Richterich alianzisha biashara yake mwaka 1930, na mwaka 1940 akatunga pipi ya mimea 13 ambayo ndiyo imeibeba kampuni hadi leo. Majani yanalimwa na wakulima wa milimani Uswisi. Jengo wanakoyakaushia na kuyahifadhi, lililokamilika 2014, limejengwa kwa udongo ulioshindiliwa, kazi ya wasanifu mashuhuri Herzog & de Meuron. Sisi tuliolelewa nyumba za udongo tunaweza kutabasamu kidogo hapo.

Fisherman's Friend ilizaliwa mwaka 1865 katika bandari ya Fleetwood, Lancashire. Mfamasia James Lofthouse aliwatengenezea wavuvi waliokwenda Atlantiki ya Kaskazini dawa ya maji ya mentholi, mkaratusi na pilipili. Chupa na mashua inayoyumba havipatani, ndipo dawa ikageuzwa kidonge cha kuweka mfukoni. Kwa miaka mingi ilibaki siri ya watu wa pwani ile. Leo inauzwa katika nchi zaidi ya 100.

Koltisfuti nayo ni ya Lancashire, lakini ya bara, mji wa Oswaldtwistle, kwa watengenezaji wanaoitwa Stockley's walioanza 1918. Mmea wenyewe, Tussilago farfara, una ua la njano linalochanua kabla ya majani kutoka, na Ulaya umetumika kwa kikohozi tangu enzi za Wagiriki na Warumi.

Kilichomo ndani

Geuza pakiti usome mstari wa viambato. Hapo ndipo mambo yanapojitenga.

Horihaundi ya kawaida ni sukari, shira ya mahindi na ladha ya jani lenyewe. Basi. Haina mentholi. Uchungu wake unatokana na kemikali iitwayo marubini, iliyomo ndani ya jani.

Ricola ya asili ni sukari na mchanganyiko wa mimea 13, pamoja na mentholi. Kati ya mimea hiyo kuna mnanaa, seji, thaimu, na horihaundi yenyewe, jambo ambalo wengi hawalijui. Yaani ukila Ricola umeshaila horihaundi, ila imezungukwa na wenzake 12 kiasi kwamba uchungu wake hausikiki. Pakiti ikiuzwa Marekani, kiambato kinachoandikwa kuwa ndicho dawa ni mentholi. Majani yanabaki kwenye orodha ya "vinginevyo".

Fisherman's Friend ya asili ndiyo iliyo mbali zaidi na jani. Ina mentholi nyingi, mafuta ya mkaratusi, dondoo la urukususu (mzizi mtamu uitwao "liquorice" kwa Kiingereza) na pilipili kidogo. Tena si pipi ya kuchemshwa kama zingine: ni unga uliokandwa, ukakatwa vidonge, ukakaushwa. Ndiyo maana haing'ai, na ukiivunja inatoa vumbi.

Kijiti cha koltisfuti ni sukari iliyokandwa na dondoo la mmea. Hakina mentholi. Kama wewe ni Muislamu au huli nyama, kwenye vijiti vya aina hii na pipi za kutafuna kwa ujumla soma kama kuna jelatini, na ya mnyama gani.

Ladha, na kinachotokea mdomoni

Hapa ndipo ninapoona watu wanagawanyika, na sioni haja ya kumshawishi mtu.

Horihaundi inaanza kwa udanganyifu. Sukari ya juu inayeyuka, unapata utamu wa sukari iliyoungua, kama dakika moja hivi unajiuliza uchungu unaosemwa uko wapi. Kisha unakuja kutoka nyuma ya ulimi, mkavu, wenye harufu ya majani makavu na kitu kinachokaribia urukususu. Si uchungu wa mwarobaini unaokunja uso. Ni uchungu unaokaa, unaobaki hata pipi ikiisha. Wanaokunywa kahawa chungu ya kwenye vijiwe vya pwani bila kashata huwa wanaipenda mara ya kwanza. Watoto karibu wote wanaikataa, na hiyo kwangu ni sifa: pakiti inadumu.

Ricola ni ya watu wote. Utamu unatangulia, majani yanafuata, halafu ubaridi mwepesi unapanda puani. Hakuna atakayeitema. Anayetafuta ladha kali ataona ni ya upole mno, na kuna aina nyingi sana (limau, asali, cheri) ambazo zimekuwa pipi za matunda zaidi kuliko za majani. Ukitaka kuijua Ricola, anza na ile ya asili, kipande cha mraba cha kahawia iliyokolea.

Fisherman's Friend haisubiri. Inapogusa ulimi kuna ubaridi na moto kwa pamoja, machozi yanalengalenga, na kwa sekunde chache huwezi kuzungumza. Anayeila mara ya kwanza aambiwe kabla. Baada ya hapo inatulia na kuacha urukususu.

Koltisfuti ndiyo ya taratibu kuliko zote. Kijiti kinavunjika kwa meno kwa mlio mdogo, kinageuka unga laini mdomoni, na harufu yake iko karibu na anisi. Haichomi wala haipoozi. Wazee wa Lancashire wanaikumbuka kama pipi ya utotoni zaidi kuliko dawa, na ladha yake inaeleza kwa nini.

Inafanya nini kooni

Sehemu hii inataka ukweli, kwa sababu pakiti zinaahidi kwa michoro kile zisichoweza kukiahidi kwa maneno.

Pipi yoyote ngumu, hata ile ya shilingi chache ya dukani kwa Mangi, inafanya jambo moja la maana: inaleta mate. Mate yanalilowesha koo lililokauka, unameza mara kwa mara, na ule mwasho unaokufanya ukohoe unapungua. Hiyo ni faida halisi, hasa kwa kikohozi kikavu, na zote nne zinaitoa.

Mentholi inaongeza kitu cha pili. Inaamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, hivyo koo linapoa na pua inahisi imefunguka. Neno ni *inahisi*. Vipimo vya hewa inayopita puani vimeonyesha kuwa njia haipanuki. Ubongo ndio unaopokea habari ya ubaridi na kuitafsiri kuwa hewa nyingi. Hata hivyo mtu aliyeziba pua usiku hana haja na falsafa. Akihisi anapumua, atalala. Kwa hilo Fisherman's Friend inaongoza, Ricola inafuata kwa mbali, na mbili zilizobaki hazimo.

Na jani je? Kwa horihaundi kuna kisa kinachofaa kukijua. Mwaka 1989 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiondoa kwenye orodha ya viambato vinavyoruhusiwa kuuzwa kama dawa ya kikohozi bila cheti cha daktari, kwa sababu ushahidi haukutosha. Haikusema ni sumu. Iliruhusiwa kuendelea kama ladha ya chakula, ndiyo sababu leo inauzwa kwenye rafu ya pipi. Ulaya nao wamechukua njia nyingine: mamlaka yao ya dawa inalikubali jani hili kwa kikohozi cha mafua na kwa tumbo lisilosaga vizuri, ikieleza wazi kuwa msingi ni matumizi ya jadi ya miaka mingi, si majaribio ya kitabibu. Mimi naona pande zote mbili zinasema kitu kilekile kwa sauti tofauti. Tena majani yanayozungumziwa na wataalamu hao ni ya kupikwa chai au dondoo lililopimwa, na pipi ni sukari kwa sehemu kubwa.

Mimea 13 ya Ricola iko kwenye hali hiyohiyo: kila mmoja una historia, lakini huwezi kuupa mmoja sifa peke yake. Koltisfuti ina historia ndefu na ushahidi mchache, tena ina tatizo lake, ambalo linafuata.

Nani ajihadhari

Koltisfuti kwanza, kwa sababu ndiyo nzito. Mmea huu kiasili una kemikali za kundi la alkaloidi za pirolizidini, ambazo huumiza ini, na madhara yake hujilimbikiza kidogo kidogo. Kijiti kimoja cha kuonja si msiba. Lakini mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye ugonjwa wa ini waiache kabisa, na mtu mzima mwenye afya asiifanye ya kila siku. Na usije ukaokota majani yake ukapika chai nyumbani kwa kuwa "ni ya asili tu".

Horihaundi nayo ina mipaka. Zamani ilitumika kuchochea hedhi, hivyo mjamzito asiitumie. Uchungu wake huamsha majimaji ya tumbo. Aliyekosa hamu ya chakula anaweza kufaidika, mwenye vidonda vya tumbo anaweza kuumia.

Kwa Fisherman's Friend macho yawe kwenye urukususu. Ukiliwa kwa wingi na kwa siku nyingi hupandisha shinikizo la damu na kushusha madini ya potasiamu. Kidonge kimoja viwili kwa siku si hoja, lakini wapo wanaomaliza pakiti kwa siku mbili kama njugu, na familia zetu zina presha nyingi. Mwenye presha achague aina isiyo na urukususu au ahamie kwingine. Mentholi pia huweza kuamsha kiungulia kwa wenye asidi inayopanda.

Ricola ndiyo yenye maonyo machache, ingawa mjamzito bado ana sababu ya kumuuliza mkunga, maana mimea ni 13.

Kwa watoto hakuna mjadala, na hili halihusu majani bali umbo: mtoto chini ya miaka 4 asipewe pipi ngumu ya aina yoyote. Inaweza kumkaba.

Sukari

Fupi tu. Horihaundi na koltisfuti ni sukari, na pipi inayokaa mdomoni muda mrefu ni mbaya kwa meno kuliko soda inayopita. Ricola na Fisherman's Friend zote zina aina zisizo na sukari, zilizotiwa utamu wa isomalti, sorbitoli au stevia. Mwenye kisukari aanzie hapo. Asizidishe tu: utamu huo ukila mwingi, tumbo linaendesha. Usiku, baada ya kupiga mswaki, pipi ya sukari usilale nayo mdomoni hata koo likuwashe vipi. Maji ya moto yenye limau yatakutosha.

Kupatikana na kuhifadhi

Fisherman's Friend ndiyo iliyoenea nchi nyingi zaidi. Ricola inafuata, inauzwa katika nchi zaidi ya 45 na viwanja vya ndege vingi vya Ulaya vinayo. Horihaundi nje ya Marekani ni ya kuagiza mtandaoni. Ndani ya Marekani itafute kwenye maduka ya pipi za kizamani na yale ya kumbukumbu kwenye vijiji vya kihistoria. Koltisfuti ni ya masoko na maduka ya pipi ya kaskazini mwa Uingereza.

Kinachosahaulika ni unyevu. Pipi ya sukari iliyochemshwa hunyonya maji hewani. Pakiti ya horihaundi iliyofunguliwa Mombasa au Muscat wakati wa joto itaanza kunata kwa siku chache: kwanza ile sukari ya juu inalowa na kupotea, kisha vipande vinashikana, mwisho unabaki na bonge moja la kahawia la kuvunja kwa mchi. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko. Ricola zilizofungwa moja moja zinavumilia zaidi. Fisherman's Friend, kwa kuwa ni kavu na pakiti yake ina karatasi ya bati ndani, ndiyo inayosafiri vizuri kuliko zote, mradi uikunje mdomo vizuri.

Moja unayoweza kuipika mwenyewe

Kati ya nne, horihaundi peke yake ndiyo ya jikoni. Majani makavu yanauzwa kwenye maduka ya mimea ya Marekani na Ulaya, na anayejua kupika kashata hatapata taabu.

Mimina maji yaliyochemka juu ya majani, funika nusu saa, chuja kwa kitambaa na ukamue. Maji yatakuwa ya rangi ya chai ya kukolea, na ukiyaonja yatakutisha. Usijali, sukari inakuja. Kwa kikombe kimoja cha maji hayo weka vikombe viwili vya sukari na maji ya nusu limau. Limau si kwa ladha: asidi yake inaizuia sukari isirudi kuwa chenga shira inapopoa. Chemsha kwenye sufuria nzito bila kukoroga baada ya sukari kuyeyuka. Mapovu ya mwanzo ni makubwa na mepesi. Yakianza kuwa madogo, mazito, yanayopasuka polepole, kaa karibu. Kama una kipimajoto, ngoja nyuzi 149 hadi 154 za Selsiasi. Kama huna, dondosha tone kwenye maji baridi: likiwa laini bado, likijivuta kama uzi bado, likigonga chini ya bakuli na kukatika kwa mlio, epua papo hapo, kwa sababu kutoka hapo hadi kuungua ni muda mfupi sana.

Mwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta, chora mistari kwa kisu ikiwa bado ya moto, ivunje ikipoa, ivingirishe kwenye sukari laini. Watoto wawe mbali na jiko, maana shira ya joto hilo inashika kwenye ngozi na haipanguki kirahisi. Ukikosa jani hili kabisa, njia hiyohiyo inakubali tangawizi mbichi iliyopondwa na kuchemshwa. Haitakuwa horihaundi, lakini koo litashukuru.

Kwa hali yako

Ikiwa kazi yako ni sauti (mwalimu, kondakta wa daladala, mwanakwaya, msomaji wa Qurani, wakili), unachohitaji ni mate ya mara kwa mara bila kupooza koo. Mentholi kali inaweza kukufanya usihisi kuwa umeshaichosha sauti, ukaendelea kuipigia kelele. Ricola isiyo na sukari ndiyo ya mfukoni. Horihaundi nayo inafaa kama unaupenda uchungu wake.

Pua imeziba na hulali: Fisherman's Friend, mapema jioni, kabla ya kupiga mswaki. Presha ikiwa juu, tafuta pipi nyingine ya mentholi na mkaratusi isiyo na urukususu. Pipi kifua ya nyumbani inaweza kukutosha, ila soma viambato vyake vilevile.

Kisukari: Ricola au Fisherman's Friend isiyo na sukari. Horihaundi na koltisfuti zikae pembeni.

Mjamzito: horihaundi na koltisfuti hapana. Asali na limau kwenye maji ya moto vinatosha, na kama unataka pipi, muulize mkunga kuhusu hiyo uliyonayo mkononi.

Mtoto wa miaka sita, saba, aliyezoea kula pipi akiwa ameketi: Ricola ya asili moja, ukimwangalia. Zingine tatu hazimfai, ama kwa ukali ama kwa kilichomo.

Chakula hakipandi, tumbo zito baada ya mlo: hapa horihaundi ndiyo yenye hoja, kwa kuwa vitu vichungu vina kazi yake tumboni.

Unatafuta tu ladha usiyoijua, na huna maradhi yoyote kati ya niliyoyataja: anza na horihaundi. Koltisfuti ionje mara moja ukiwa Lancashire, upate cha kusimulia.

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, au ukaona damu, homa za usiku, jasho na kupungua uzito, hakuna pakiti hapa inayokuhusu. Nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu. Tanzania kipimo hicho na matibabu yake ni bure kwenye vituo vya serikali.

Na kama wewe ndiye mgeni unayefunga begi, mbebee babu mbili tofauti badala ya pakiti mbili za aina moja. Uliza kwanza kuhusu presha na sukari yake, zile za kupakwa sukari ziweke kwenye chupa inayobana kabla hujapanda ndege, na mwandikie kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ni ngapi kwa siku.